Anayesimama Awe wa Ukoo

Mwalimu aliwapima watupaji kwa mgongo. Mtupaji akishapanda kwenye kilima cha udongo na kuanza kulipasha moto bega lake, Mwalimu aligeuka, akaweka mikono nyuma, akatazama mbuzi au mawingu, na kusikiliza. Alisema macho ni waongo. Mtu akiwa mrefu na mwenye shingo nzuri, macho humpenda kabla hajatupa kitu. Akiwa mfupi na suruali imefungwa kwa kamba, macho humwacha. Lakini ngozi ya glavu haijui mtu. Ikipigwa na mpira wa maana hutoa sauti moja tu, fupi na kavu, kama mfupa unaovunjwa na mtu anayejua kuvunja.

Glavu hiyo ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyechuchumaa nyuma ya bamba anaposimama mpigaji, kipande cha tairi la lori tulichokipigilia misumari ardhini, na uso wangu ukiwa ndani ya kofia ya nondo nyembamba niliyochomelewa na fundi wa madirisha. Mpira wa besiboli ni jiwe lililovishwa ngozi. Kiganja changu cha kushoto kilikuwa cheusi mwaka mzima, kikivimba na kunywea, na ndani ya glavu nilikuwa nimeshona sponji ya godoro isiyosaidia kitu. Baada ya kila mpira Mwalimu aliuliza bila kugeuka, "Mkononi?"

Nami nilimjibu kwa lugha yetu ya kazi. Inauma: mpira mzito, mvivu, wa mtu anayesukuma kwa kifua. Inachoma: mpira wenye kasi ya kweli. Inakata: ule uliojipinda mwishoni na kunivuta kidole gumba kana kwamba unataka kwenda nacho. Kwa miaka yote niliyodaka, kutoka Kitui hadi upande huu wa Makueni, watu walionikata walikuwa wachache.

Mchezo wenyewe uliletwa kwenye shule zetu na mwalimu wa kujitolea kutoka nchi ya mbali. Alipoondoka, aliacha gunia la mipira na glavu zilizoanza kupasuka, na sisi hatukuacha. Waendesha boda, waashi, vijana wa kwaya, kila soko likaunda timu yake, na mwisho wa msimu tulishindania mbuzi. Hakuna aliyeota kitu zaidi ya mbuzi huyo mpaka klabu moja ya Nairobi ilipomwomba Mwalimu aitafutie mtupaji mmoja wa timu yake ya pili. Angepewa kitanda, chakula, kazi ya ghala mchana na mazoezi jioni. Akifanya vizuri angepanda timu ya kwanza, na timu ya kwanza husafiri kwa ndege. Mtupaji mmoja tu. Habari ilipita masokoni kwa siku chache, na mikono iliyokuwa imelala ikaamka yote.

Kabla ya kusema kilichotokea Kathonzweni, lazima nieleze habari ya mtu wa kusimama.

Mpira mgumu kuliko yote kutupa ni mpira wa ndani, ule unaopita karibu na mwili wa mpigaji, chini ya kidevu au mbele ya mbavu. Mtupaji asiyeuweza huliwa. Wapigaji wanamjua, wanasogea, wanaegemea bamba kama mtu anayeegemea kaunta ya duka, na kuanzia hapo hana mahali pa kutupa. Kwa hiyo Mwalimu hakumpima mtu kwa kopo wala kwa gunia. Alitaka mtu asimame pale, mikono mitupu, nyama na damu, ndipo mtupaji aonyeshe kama anaweza kumpitishia mpira karibu bila kufumba macho.

Mwanzoni alisimama yeyote. Kisha kule Kasikeu mpira ukachukua jicho la fundi cherehani mmoja. Haikuwa makusudi, kila mtu aliona, lakini fundi alikuwa wa ukoo mmoja na mtupaji wa ukoo mwingine, na kwetu damu ikishavuka kutoka ukoo hadi ukoo haiulizwi kama ilikusudia. Wazee waliketi. Mbuzi waliswagwa. Watu wa koo hizo mbili waliacha hata kuzikana. Mwalimu, mzee wa kanisa ambaye hakuwahi kukosa ibada, alitoka kwenye kikao hicho akiwa na sheria mpya: anayesimama awe wa ukoo wa anayetupa. Akiumia, ni jambo la nyumbani. Damu ya ndani haina kesi.

Sote tuliona ni busara. Mtu yeyote aliyelelewa upande wetu angeona hivyo.

Nunguni tulimkuta kijana mrefu, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, akitupa katika ukungu hivi kwamba mpira ulitoka kwenye weupe ukiwa tayari usoni pangu. Alichoma. Mpira wake mmoja uligonga ncha ya kidole changu cha kati na kukitegua kutoka kwenye kiungo. Kilisimama kando kama cha mtu mwingine. Mwalimu alikuja, akakishika, akaniambia nitazame kanisa kule juu, na kukirudisha. Nilitapika kwenye majani ya chai ya mtu. Tukaendelea. Binamu yake alikuwa amesimama kwenye bamba akijifanya hana wasiwasi, mpaka mpira mmoja ukapita na kung'oa kifungo cha shati lake. Kifungo tu. Kutoka hapo yule mrefu hakuweza tena. Kila mpira ulikwenda nje, mbali na binamu, kana kwamba binamu alikuwa amewashwa moto.

"Mkono anao," Mwalimu aliniambia tukishuka mlima. "Moyo hana. Watamla."

"Na tusipopata mwingine?"

"Basi wamle wao kule Nairobi, nisione."

Yule wa Kathonzweni ndiye aliyekuja kututafuta. Alikuwa mponda kokoto, mfupi, mabega mapana kuliko mlango, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekunjamana kama jani lililopita motoni. Ukimsemesha alikugeuzia upande wa kulia. Alitupa mipira michache bila mtu wa kusimama, na glavu yangu ikalia. Mwalimu, ambaye alikuwa akitazama punda, aliacha kutazama punda.

"Mkononi?"

"Inakata," nilisema. Halafu wa pili. "Inakata tena, Mwalimu. Na inachoma."

"Huyu ni nani?"

"Anaponda mawe."

"Muulize kama ana mtu wa kusimama."

Aliposikia hilo, mponda kokoto alitazama mikono yake. Baba yake alikuwa amekufa. Ukoo wao pale ulikuwa nyumba chache, na alikuwa amezizunguka zote. Wanaume walisema wana watoto wa kulea. Aliyebaki ni kaka yake.

Kaka alifika alasiri akiwa na gambuti za machinjioni, matone yakiwa yamekaukia juu yake. Alikuwa mchinjaji wa soko zima, mtu mkubwa, mcheshi, anayesalimiwa na kila mtu, na nyuma yake walikuja wenzake wa machinjioni na watu wa mnada waliokuwa wamemaliza kuuza ng'ombe. Alimsalimia Mwalimu kwa mikono miwili. Kisha akasimama kwenye bamba, juu yangu, akanuka mafuta na damu baridi.

Mdakaji husikia mambo ambayo uwanja mzima hausikii. Yuko miguuni pa anayesimama, na watu husema ovyo mbele ya mtu aliyefunikwa uso.

"Kijana," alisema polepole, "umeliona lile sikio?"

Niliinua uso kuelekea kilimani.

"Ni mimi. Alivunja chupa ya dawa ya ng'ombe, nikamrekebisha. Nimemlea kwa mkono huu. Kokoto anaponda saa za jioni. Asubuhi anabeba matumbo yangu. Sasa anadhani ataenda Nairobi." Akacheka. "Wewe angalia. Akiniona mimi, huo mkono utakufa."

Hapo nikajua kwa nini alikubali kusimama.

Na mkono ukafa kweli. Mpira wa kwanza uliingia vumbini hatua nyingi mbele yangu. Wa pili ulipaa juu ya kichwa changu na kuwagonga watu wa mnada, wakapiga kelele za furaha. Mwalimu, mgongo kwetu, alitikisa kichwa. Aliyekuwa kilimani hakuwa mtu niliyemwona mwanzoni. Kiwiko kilikuwa kimebanwa ubavuni, kichwa kimeinamishwa, kama mtu anayesubiri kupigwa na si kutupa.

"Sikio Moja," kaka aliita, safari hii kwa sauti ya kusikika na wote. "Tupia mama yako huko. Hapa ni kwa wanaume."

Wachinjaji walicheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, amezoea matumbo."

"Mpira wa mwisho," Mwalimu alisema. "Halafu tuende, jua linatuacha."

Nikafanya kitu ambacho wadakaji hufanya. Niliinuka, nikatembea mpaka kilimani, nikamwekea mpira mkononi. Kiganja chake kilikuwa kimejaa sugu na baridi.

"Usimtazame yeye," nilimwambia kwenye sikio zima. "Tazama glavu tu. Hakuna mtu pale."

"Yupo," alisema.

"Basi mpitishie."

Nilichuchumaa, nikaweka glavu ndani, karibu na kifua cha mchinjaji. Ule mpira sitausahau. Ulitoka kwa mkono uliolegea, ukaja ukielekea koo, na mwishoni kabisa ukajipinda, ukapita chini ya kidevu chake kiasi kwamba ndevu zilitikisika, ukaingia kwenye glavu na kunipiga hadi begani. Mwalimu alisema bila kugeuka, kwa sauti ndogo, "Mwingine."

Wa pili ulipita mbele ya mbavu. Wa tatu mbele ya magoti. Nilikuwa nikiuma meno, kidole cha Nunguni kikiungua, na moyoni nikiimba. Alikuwa amepata nafasi. Hata punda angeweza kusema hivyo.

Mchinjaji naye alijua. Nilisikia pumzi yake ikibadilika. Akasogea mbele, karibu akanyage bamba, akaegemea, akaunyoosha uso wake juu ya njia ya mpira.

"Nigonge," alisema. Hakupaza sauti, alimtamkia tu kwa midomo. "Nigonge, halafu uone utalala wapi leo."

Niliweka glavu nje, mbali kabisa na mwili wake. Niliiweka mapema na kuitikisa ili aione. Hakuitazama. Mkono ulizunguka vilevile, vidole viliachia mahali palepale. Mpira ulikwenda mahali alipokuwa ametazama.

Si sauti ya glavu Mwalimu aliyosikia. Taya lilivunjika kwa mlio wa kuni mbichi, na mtu yule mkubwa akaanguka juu yangu, tukalala pamoja vumbini, damu yake ikiingia kupitia nondo za kofia yangu na kunijaa mdomoni. Alijaribu kusema. Kilichotoka ni meno. Nilimgeuza ubavu ili asisongwe, nikaingiza vidole na kuvuta kipande cha jino kutoka kooni, naye akaniuma bila kujua.

Mwalimu alikuwa bado ametupa mgongo, kwa mazoea tu nadhani. Alipogeuka, kila kitu kilikuwa kimekwisha kutokea. Alinitazama mimi.

"Uliponyoka," aliniuliza, "au aliutuma?"

Wachinjaji walikuwa wameingia uwanjani. Watu wa mnada pia, na fimbo zao za kuswagia ng'ombe. Wengine waliinama njiani, na walipoinuka walikuwa na mawe. Sauti moja ilisema, "Amemuua ndugu yake." Nyingine ikasema, "Subirini, sikieni mdakaji." Walisubiri. Kwetu hata umati hupenda kusikia shahidi kwanza.

Nilijua jibu na nilijua bei zake. Nikisema aliutuma, Mwalimu atakuwa amempata mtupaji anayeweza kugonga mahali popote anapotaka, na umati utampiga mawe mtupaji huyo, kwa kumkusudia ndugu yake, kabla hatujafika barabarani. Nikisema uliponyoka, hakuna kesi. Ni bahati mbaya, ni damu ya ndani. Lakini mtu ambaye mpira humponyoka kiasi cha kuvunja taya hapelekwi Nairobi. Anarudi nyumbani, kwenye matumbo.

"Uliponyoka," nilisema.

Mwalimu alinitazama kwa muda. Halafu akawageukia watu, akainua mkono kama anapoomba madhabahuni. "Mmesikia. Mpira umemponyoka. Hana mkono, hajui unakokwenda. Ni ajali, na ni ndugu. Tuleteeni gari."

Niliona mawe yakishuka. Jamaa mmoja aliliachia lake likaanguka mguuni pake mwenyewe, akalaani, na mwingine akacheka. Ilikuwa imekwisha.

Aliyekuwa kilimani alikuwa amesikia. Alikuwa ametugeuzia upande wa sikio zima, na neno "hana mkono" lilimfikia. Alinitazama mimi, si kaka yake, si Mwalimu. Sikuwahi kutazamwa hivyo na mtu niliyemwokoa.

Kando ya kilima palikuwa na mfuko wetu wa mipira. Alichukua mmoja. Upande wa pili wa uwanja kulikuwa na goli la kandanda, la vyuma, mbali zaidi ya mara mbili ya umbali wa bamba. Alizungusha mkono, na mlingoti wa kushoto ukalia. Watu waligeuka. Alichukua mwingine, mlingoti wa kulia ukalia. Alichukua wa tatu na kuugonga mwamba wa juu, katikati, na chuma kile kikaimba muda mrefu juu ya uwanja.

"Haujaniponyoka," alisema. "Hata mmoja haujawahi kuniponyoka."

Alikuwa akimwambia Mwalimu peke yake. Nadhani kwa wakati huo hakuona mtu mwingine.

Mwalimu alisema, "Ee Mungu," kwa Kikamba, na kuanza kukimbia kuelekea kilimani, mzee yule, koti likipepea. Nami nilikimbia. Wachinjaji walitutangulia.

Sikumbuki kila kitu kwa mpangilio. Fimbo ilinipiga kwenye kofia, nondo zikapinda na kunichana shavu. Mtu alinishika koo kutoka nyuma, nikampiga kichwa kwa kisogo na kusikia pua yake. Yule mponda kokoto hakukimbia. Alipigana kimyakimya, kwa mabega, akawaangusha wawili, na kwa muda kidogo nilidhani atapita katikati yao na kwenda zake. Kisha wakamlaza. Mwalimu alijitupa juu yake, akiita jina la Yesu na majina ya baba zao mmoja mmoja, maana wengi aliwafundisha darasani, nao wakamvuta kando kwa heshima, kama mtu anavyomwondoa mgeni mlangoni, wakamsimamisha, wakamkung'uta vumbi koti.

"Samahani, Mwalimu," mmoja alisema. "Kaa hapo kidogo."

Hawakumuua. Nimefikiria sana juu ya hilo. Walimnyoosha mkono wa kulia juu ya udongo wa kilima, mmoja akakanyaga kifundo, na mwingine, mtu mzima mwenye nywele za mvi, akainua rungu na kupiga kiwiko. Alipiga mara moja, akatazama, akapiga tena palepale, bila hasira, kama mtu anayepasua kuni za jioni. Kelele iliyotoka ilikuwa ya kwanza kutoka kwake siku nzima.

Gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya kubebea ng'ombe, moja tu, na hospitali ilikuwa mbali. Waliwapakia wote wawili nyuma, juu ya majani na mavi, ubavu kwa ubavu. Waliomvunja mkono ndio waliosaidia kumwinua, na walimwinua taratibu. Mwalimu alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma katikati yao, shati langu likiwa limefungwa kwenye taya la mmoja na mkanda wangu ukiwa umefunga mkono wa mwingine kwenye kifua chake. Kila shimo la barabara liliwafanya walie pamoja, kwa sauti zinazofanana mno. Hapo ndipo nilipoona kwamba ni ndugu.

Kupitia kidirisha nilimwona Mwalimu akipiga simu Nairobi. Nilimsikia akitaja Nunguni. Alisema kijana ni mrefu, ana kasi, ana adabu, bado hajakomaa. Alisema kijana huyo atafika kwao wiki ijayo.

Mponda kokoto naye alisikia. Alifumba macho, akayafumbua. Kiwiko kilikuwa kimevimba na kuwa kikubwa kuliko goti, vidole havikusogea. Tulipita mto mkavu na kupanda, na gari lilipotulia kidogo alinigeuzia sikio lake zima.

"Ule uliompata," alisema. "Wewe ndiye ulikuwa karibu. Ulikuwaje?"

Mchinjaji alikuwa ametulia, macho wazi, akinitazama kutoka chini ya shati langu lililojaa damu. Alikuwa anangoja kusikia pia.

"Mkono ulikuwa ule ule," nilimwambia. "Uliachia palepale. Hukukaza bega, hukuharakisha. Ulikuja umenyooka, na ukajipinda mwishoni, kidogo tu, ukamfuata."

"Ungechoma?"

"Ungekata."

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa matokeo aliyokwisha kuyajua. Kaka yake akageuza uso kutazama ubao wa pikapu. Tulikwenda hivyo mpaka taa za hospitali zikaonekana.